Mashine ya Nje ya Kiyoyozi: Uwani, Ukutani au Juu ya Zege?

Anayenunua kiyoyozi cha vipande viwili kwa ajili ya nyumba yake huwa ameshapima bei, ukubwa na jina la mtengenezaji kabla hajalipa. Jambo ambalo mara nyingi humwachia fundi aliamue asubuhi ile ile ya kazi, ngazi ikiwa imeshasimamishwa, ni mahali itakapokaa mashine ya nje, yaani ile yenye feni na kompresa. Nionavyo mimi, uamuzi huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya usalama wa kazi nzima, kwa sababu mashine hiyo itakaa nje mwaka baada ya mwaka, ikipigwa na jua la kaskazi, mvua za masika na hewa ya chumvi, na kila baada ya miezi kadhaa mtu atalazimika kuifikia kwa mikono yake ili aisafishe au aitengeneze. Ubaya wa mahali hauonekani siku ya kwanza.

Katika nyumba za Unguja na Pemba njia zinazotumika sana ni tatu: kuiweka chini uwani juu ya msingi wa saruji, kuitundika ukutani kwa breketi za chuma, na kuipandisha juu ya zege la paa. Kila moja inaweza kufanywa vizuri na kila moja inaweza kufanywa vibaya. Hapa zinapimwa kwa vigezo vile vile, ili mwenye nyumba azungumze na fundi wake akijua anachokitaka.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kinachoibeba. Mashine ya nje ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 12,000, ambayo ndiyo inayofaa vyumba vingi vya kulala, kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 20 na 40. Uzito huo mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuuinua, lakini feni na kompresa vinapofanya kazi hutikisa, na mtikisiko wa miaka hulegeza nati ambayo siku ya kwanza ilikazwa sawasawa.

Cha pili ni hewa, maji na chumvi. Kazi ya mashine ya nje ni kulitupa joto lililotolewa chumbani. Ikibanwa, huvuta tena hewa yake yenyewe ya moto, shinikizo la gesi hupanda, kompresa huchemka na uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, huisha upesi. Vipimo kamili vya nafasi vimo ndani ya kitabu cha mtengenezaji. Aghalabu hutakiwa sentimita 10 hadi 30 nyuma, na mbele ya feni nafasi wazi ya zaidi ya nusu mita. Chumvi nayo hula mapezi ya alumini (vijibati vyembamba vya kutolea joto), boliti na kasha lenyewe, na katika visiwa vyetu hakuna nyumba iliyo mbali sana na bahari.

Cha tatu ni mabomba na umeme. Viyoyozi vingi vya nyumbani huja na gesi inayotosha bomba la mita 5 hadi 7 na nusu, huhitaji bomba lisilopungua kama mita 3, na vile vidogo huwa na ukomo wa karibu mita 15. Kila mita inayozidi ile iliyokusudiwa hudai gesi ya kuongeza, ambayo hupimwa kwa mizani wala haikisiwi kwa kugusa bomba kama limepoa.

Cha nne ni kufikika, na hapo naingiza pia majirani. Mashine isiyofikika kwa usalama haisafishwi, na isiyosafishwa haidumu. Mbaya zaidi, siku itakapoharibika, kijana wa watu atapanda mahali ambapo hapakustahili kupandwa.

Uwani, juu ya msingi wa saruji

Kinachoibeba. Hapa ardhi ndiyo inayofanya kazi. Hutakiwa msingi wa saruji uliosawazishwa kwa pima maji, mpana kuliko miguu ya mashine, ulioachwa ukakauka kabla haujawekewa kitu, na raba nzito chini ya kila mguu ili mtikisiko usiingie ukutani. Usiuchague mfuniko wa karo kwa sababu tu tayari ni bapa. Mfuniko huo utahitaji kufunguliwa, hewa ya karo huharakisha kutu, na haukujengwa kubeba mzigo unaotikisika.

Hewa, maji na chumvi. Ua mpana wenye kivuli ni mahali pazuri kuliko pote kwa kupumua, lakini nyua nyingi za mjini ni vichochoro vya mita moja vilivyobanwa na ukuta wa jirani, na hewa ya moto hugonga ukuta huo ikarudi. Maji ndiyo shaka kubwa zaidi. Mahali ambapo masika huacha dimbwi, msingi wa sentimita 10 ni sawa na kutokuwepo. Angalia alama ya maji iliyobaki ukutani kutoka mvua zilizopita, kisha upande juu yake kwa kiasi cha kutosha. Majani, mchanga na manyoya ya kuku navyo huvutwa na kuganda nyuma ya mashine.

Mabomba na umeme. Kama chumba kiko chini, bomba huwa fupi na rahisi kulikagua. Kama chumba kiko ghorofa ya pili, bomba litapanda ukuta mzima na kutaka kifuniko cha kulikinga na jua, kwa kuwa sponji nyeusi ya kulivika huliwa na jua ikapukutika.

Kufikika na majirani. Hakuna njia inayoishinda hii: fundi husimama juu ya miguu yake mwenyewe, na mwenye nyumba huweza kuiosha kwa maji ya bomba bila ngazi. Kwa upande mwingine, watoto nao huifikia. Wavu wa kinga ya feni huzuia mkono, hauzuii kijiti, na swichi ya kukatia umeme iliyo wazi kwenye kimo cha mtoto ni hatari ya kweli. Mabomba ya shaba nayo huwavutia wezi pale ua usipokuwa na mlango.

Inamfaa mwenye nyumba ya chini yenye ua uliozungushiwa ukuta na ardhi isiyotuama maji.

Ukutani, kwa breketi

Kinachoibeba. Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo penye mashaka mengi. Breketi mbili na boliti chache hubeba kila kitu, na nguvu ya boliti haizidi nguvu ya ukuta ilimoingia. Visiwani kuta hazifanani. Nyumba mpya nyingi ni za matofali ya saruji, mengine yaliyoshiba na mengine yenye matundu. Nyumba za kale za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Na mashamba bado kuna kuta za mawe na udongo zilizopigwa plasta nzuri ya saruji kwa juu, ambazo kwa macho huwezi kuzitenganisha na ukuta madhubuti.

Kabla ya kuafikiana, gonga ukuta kwa nyundo ndogo mahali pale pale breketi itakapokaa. Sauti kavu na fupi ni dalili njema. Sauti ya uwazi maana yake ni plasta iliyoachana na ukuta au tofali lenye tundu. Kisha fundi akianza kutoboa, simama umtazame. Unga wa kijivu unaotoka taratibu ni saruji. Unga mweupe laini unaomiminika ni chokaa. Kama keekee inazama ghafla, au unatoka udongo mwekundu, kazi isimame hapo hapo.

Boliti ya kutanuka hushika kwa kusukuma pembeni. Ndani ya zege au tofali lililoshiba hushika vizuri sana. Ndani ya tofali lenye matundu haina cha kusukuma, na ndani ya ukuta wa chokaa huyatenganisha mawe badala ya kuyabana. Kwenye kuta za namna hizo njia iliyo salama zaidi ni boliti ndefu inayopita mpaka upande wa pili na kukazwa juu ya bamba la chuma, au kuachana na ukuta kabisa. Breketi ziwe za chuma kilichochovywa zinki au chuma cha pua, na zionyeshe kuwa zinabeba uzito unaozidi ule wa mashine kwa mbali. Kupaka rangi chuma cheusi cha kawaida ni kuchelewesha kutu, si kuizuia. Ukiona mchirizi wa kahawia ukiteremka kutoka kwenye kichwa cha boliti, basi boliti hiyo ibadilishwe, isipakwe rangi.

Hewa, maji na chumvi. Ukutani mashine huwa juu ya mafuriko na juu ya vumbi la ua, na hupata upepo mzuri. Upepo huo huo ndio unaoleta chumvi. Pwani ya mashariki ya Unguja, tangu Kiwengwa mpaka Jambiani, kusi na kaskazi zote hutokea baharini, kwa hiyo ukuta unaoelekea magharibi ni bora ingawa hupigwa na jua la jioni. Nungwi, kaskazi ikivuma, upande wa kusini wa nyumba hukingika.

Mabomba na umeme. Hii kwa kawaida ndiyo njia ya bomba fupi, kwani mashine ya ndani na ya nje huweza kukaa pande mbili za ukuta mmoja. Angalia tu bomba lisiwe fupi kuliko kiwango cha chini kilichoandikwa kitabuni. Angalia pia nyaya za umeme za barabarani. Mjini hupita karibu sana na kuta, na fundi aliye juu ya ngazi ya alumini hana nafasi ya kukosea. Kama nyaya ziko karibu, Shirika la Umeme liulizwe kwanza, au pachaguliwe ukuta mwingine.

Kufikika na majirani. Mashine iliyo kwenye kimo cha mita moja na nusu, au iliyo pembeni ya roshani kiasi cha kufikiwa na mtu aliyesimama ndani ya roshani, haina tatizo. Iliyo ghorofa ya tatu katikati ya ukuta mtupu itahitaji jukwaa au mkanda wa usalama kila inapoharibika, na gharama hiyo ihesabiwe leo. Chini yake wanapita watu. Kwa hiyo usiitundike juu ya mlango, baraza wanalokaa wazee, wala mahali watoto wanapochezea. Maji ya mashine ya ndani nayo yasidondokee kichochoro. Yapelekwe kwa bomba mpaka chini.

Inamfaa mwenye ukuta wa zege au tofali lililoshiba, asiye na ua mkavu, na mwenye mahali panapofikika bila kuning'inia.

Juu ya zege la paa

Kinachoibeba. Zege la paa lililojengwa kubeba tangi la maji halitashindwa na mashine ya kilo 40. Kosa linalotokea mara nyingi ni kulitoboa ili kufunga miguu, na baada ya mvua chache dari la chumba cha chini linaanza kuvuja. Ni afadhali miguu ikazwe kwenye vitalu vizito vya saruji vilivyowekwa juu ya raba, vizito kiasi ambacho upepo wa kusi hauvisogezi. Mapaa ya kale ya boriti na chokaa ni habari nyingine: boriti huoza vichwa vilivyozama ukutani bila kuonekana, na hakuna mashine inayostahili kuwekwa hapo kabla mjuzi wa majengo hayo hajalikagua paa lenyewe. Paa la bati lisiwekewe mashine wala fundi asitembee juu yake.

Hewa, maji na chumvi. Hewa ni tele, ila zege lililopigwa na jua la Februari huchemka. Viyoyozi vingi vya kawaida vimetengenezwa kufanya kazi katika joto la nje la mpaka nyuzi 43 hadi 46 hivi, na sentimita chache juu ya zege kiwango hicho si cha mbali; kuinua mashine na kuipatia kivuli kisichoziba hewa husaidia sana. Kivuli cha tangi kinafaa, mradi maji ya tangi yanayofurika yasiiangukie.

Mabomba na umeme. Kwa chumba cha ghorofa ya juu bomba ni fupi. Kwa chumba cha chini huwa refu, na mashine inapokuwa juu ya chumba, baadhi ya watengenezaji huagiza mpindo wa bomba wa kukamata mafuta ili yarudi kwenye kompresa. Pale mabomba na nyaya yanapoingia ndani, yapinde yashuke kidogo kabla ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke kwenye mpindo badala ya kufuata waya mpaka chumbani.

Kufikika na majirani. Kama kuna ngazi ya kudumu na ukingo wa paa, hapa ni pazuri: hakuna mtoto, hakuna mpita njia, kelele haimfikii jirani. Kama hakuna ukingo, mashine ikae mbali na mwisho wa paa, angalau mita mbili, kwa kuwa fundi anayefungua nati hurudi nyuma bila kutazama.

Inamfaa mwenye zege la kisasa lenye ngazi, hasa kwa vyumba vya juu.

Yasiyobadilika popote utakapoiweka

Kiyoyozi kiwe na laini yake ya umeme kutoka kwenye boksi la sakiti breka, kisichangie soketi na friji au pasi. Kwa BTU 12,000 kwenye umeme wetu wa volti 230, waya wa milimita mraba 2.5 na breka ya ampea 16 au 20 ndivyo vinavyotumika kwa kawaida, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine na fundi umeme mwenye leseni. Waya wa erthi ufungwe kweli na upimwe, na breka inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30 iwepo. Pembeni ya mashine ya nje, mahali fundi anapoiona akiwa kazini, pawe na swichi ya kukatia umeme isiyoingia maji. Hata baada ya kuzima, kapasita, kile kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme, hubaki na umeme. Fundi asubiri na apime kwa mita kabla ya kushika.

Jambo la pili ni kuvuta hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba. Wapo mafundi wanaofungua gesi kidogo ili isukume hewa nje, kisha wanakaza nati wakasema kazi imekwisha. Katika hewa yetu yenye unyevu mwingi, maji yanayobaki bombani huchanganyika na mafuta ya kompresa yakawa tindikali inayoila kompresa polepole. Pampu ya kuvuta hewa iunganishwe mpaka geji ionyeshe mikroni (kipimo cha hewa iliyobaki bombani) 500 au chini yake, ifungwe, kisha geji itazamwe kwa dakika kumi hivi: ikipanda na kuendelea kupanda, kuna tundu au unyevu. Kabla ya hapo mabomba yajaribiwe kwa naitrojeni kavu yenye rigyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo. Oksijeni ya mafundi wa kuchomelea isitumike kamwe kujaribia, kwani ikikutana na mafuta ndani ya bomba hulipuka.

Soma pia aina ya gesi kwenye kibandiko. R32 ina athari ndogo kwa tabianchi kuliko R410A, kipimo chake cha kuongeza joto duniani kikiwa 675 dhidi ya 2,088, lakini inaweza kushika moto, kwa hiyo chumba kiwe na hewa, pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu, na vifaa viwe vya gesi hiyo. Gesi yoyote inayotoka kwa nguvu huunguza ngozi kwa baridi. Miwani na glavu si mapambo.

Mwongozo kwa hali yako

Kama unajenga sasa Fumba, Tunguu au Mbweni na una ua, anza kwa kuufikiria ua huo, na mwambie mjenzi aache bomba la kupitishia mabomba ya shaba kabla ya plasta. Kama kiwanja chako kiko bondeni, kama zilivyo sehemu za Mwanakwerekwe, chagua ukuta madhubuti kwa kimo cha kifua, au msingi uliopandishwa juu ya alama ya maji. Pemba, ambako nyumba nyingi za Chake Chake na Wete zimekaa kwenye miteremko, angalia maji ya mlimani yanapita upande gani wa nyumba. Upande wa chini wa mteremko unaweza kuwa ndio njia yake.

Kama unakaa fleti, kwa mfano Michenzani, anza na roshani: mashine isimame kwenye sakafu yake au pembeni yake, mbele ya feni pakiwa wazi. Wa ghorofa ya juu kabisa anaweza kuomba paa, kwa makubaliano na wenzake wote wa jengo. Ukuta mtupu wa mbele, juu ya watu, uwe wa mwisho, na uwe kwa boliti za kupita upande wa pili.

Kama nyumba iko Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, nenda kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa sababu kubadili sura ya jengo kunahitaji kibali. Ua wa ndani wa nyumba mara nyingi ndio unaofaa zaidi, ukiwa na nafasi ya kutoa hewa ya moto juu. Maji ya mashine ya ndani yasiachwe yakatiririka kwenye ukuta wa chokaa hata kwa wiki chache, maana huulowesha ukaanza kumomonyoka.

Kama nyumba inatazama bahari, njia yoyote utakayoichagua iwe upande uliojificha na upepo, mapezi yawe yale yaliyopakwa kinga, na mashine ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila mwezi, umeme ukiwa umekatwa.

Na kama umepanga, uwani ndiko kunakokuachia uharibifu mdogo wa kumlipa mwenye nyumba. Andikianeni kabla ya kutoboa tundu lolote, pamoja na nani atakayeliziba. Siku ya kuhama usimruhusu mtu asiye na geji akukusanyie gesi ndani ya mashine ya nje: kompresa ikiendelea kuzunguka huku bomba limeshalegezwa, huvuta hewa, na hewa hiyo ikibanwa pamoja na mafuta huweza kuipasua mbele ya uso wa aliyeinama juu yake. Mwite fundi wa majokofu na viyoyozi, azime umeme kwanza, ndipo nati ziguswe.